Joseph Schmidt, Tenori Aliyeimba Opera Redioni

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa kwaya, waimbaji na wapenzi wote wa muziki mliojaliwa kufika jioni hii: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Niliombwa nizungumze juu ya sauti ya tatu, na nadhani wengi wenu mlitarajia nieleze namna ya kuvuta pumzi na namna ya kupanda noti za juu bila kukaza shingo. Hayo mnayafanya kila wiki mazoezini, na baadhi yenu mnayafanya vizuri kuliko mimi. Nimeona heri niwasimulie kazi ya mwimbaji mmoja ambaye miaka ya 1930 jina lake lilijulikana katika kila nyumba yenye redio kutoka Berlin hadi Amsterdam, na ambaye leo unaweza kukutana na mtu aliyesoma muziki miaka mingi asijue kuwa aliwahi kuwepo. Huyo ni Joseph Schmidt.

Sauti ya tatu katika kwaya zetu ndiyo inayoitwa tenori katika opera. Tofauti ni kwamba sisi tenori humkuta katikati ya wenzake, akijaza nafasi kati ya alto na besi, ilhali katika opera, ambayo ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, tenori aghalabu ndiye mhusika mkuu wa kiume. Ndiye mpenzi, ndiye shujaa, ndiye anayepigania mchumba na kufia jukwaani. Kwa sababu hiyo majumba ya opera yamekuwa yakimpima kwa macho kabla ya kumpima kwa masikio: je, akisimama kando ya soprano ataonekana kuwa mwanamume anayestahili kupiganiwa naye? Joseph Schmidt alikuwa na sauti ambayo ingemfungulia mlango wa jumba lolote, lakini urefu wake haukuzidi sana mita moja na nusu. Kila nitakalosema jioni hii linatoka katika jambo hilo moja.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1904 katika kijiji cha Davideny, jimbo la Bukovina, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jimbo hilo likaingia Romania, na leo kijiji hicho kimo ndani ya Ukraine. Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana mtu aliyezaliwa pale aliweza kubadilishiwa nchi huku amelala kitandani mwake, na swali la kuwa yeye ni raia wa wapi lilikuja kumkaba Schmidt baadaye.

Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na ilipohamia mji wa Czernowitz kijana akaingia katika kwaya ya sinagogi. Huko ndiko alikofunzwa kuimba, na huko ndiko alikokuwa mwongoza sala. Kazi ya mwongoza sala wa Kiyahudi si kama ya mwalimu wa kwaya tunayemjua. Yeye husimama mbele ya waumini na kuimba maneno ya sala peke yake, mara nyingi bila ala yoyote, akiivuta silabi moja kupitia noti nyingi zinazopanda, kushuka na kutetemeka kabla ya kutua. Mtu wa pwani aliyekua akisikiliza kisomo cha Kurani au qasida za maulidi ataelewa upesi ninachokisema: ni uimbaji ambao pambo lenyewe ni sehemu ya ibada, na pumzi ndefu ni adabu kwa neno linalotamkwa. Ukisikiliza rekodi za Schmidt za opera za watunzi wa Italia, Verdi au Donizetti, utasikia kwamba sinagogi halikumtoka kamwe. Mtetemo mwepesi wa sauti unaowatoa jasho tenori wengine, kwake unapita kama maji.

Mwaka 1924 alitoa onyesho lake la kwanza mjini Czernowitz, na mwaka uliofuata akaenda Berlin kusoma kwa Hermann Weissenborn, mwalimu ambaye miaka mingi baadaye alimfundisha pia mwimbaji mashuhuri Dietrich Fischer-Dieskau. Alirudi kwao kulitumikia jeshi la Romania, akaongoza tena sala katika sinagogi, kisha akarejea Berlin kutafuta kazi. Hapo ndipo alipogonga mwamba. Sauti yake ilisifiwa, lakini jukwaa la opera lilikuwa na kimo chake, naye hakukifikia.

Sasa hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni miaka mingi. Nilikuwa katika kwaya moja wakati tunarekodi albamu yetu ya video. Kulikuwa na kijana wa sauti ya tatu, mfupi, mwembamba, ambaye sote tulijua kwamba ndiye anayeibeba tenori nzima. Siku asipokuja mazoezini tulikuwa tunayumba. Siku ya kupiga picha aliambiwa asimame nyuma ya spika, na mwingine mrefu, mwenye sura ya kupendeza, akawekwa mbele afungue mdomo kwa sauti ya yule aliyefichwa. Kijana hakusema neno, na mimi pia sikusema. Tangu nilipoanza kumsoma Schmidt siwezi kukitazama kipande kile cha video.

Kilichomwokoa Schmidt ni redio. Matangazo ya kawaida ya redio nchini Ujerumani yalianza Berlin mwezi Oktoba 1923, na mwanzoni mwa mwaka 1932 idadi ya waliolipia leseni ya kusikiliza ilikuwa imekaribia milioni 4. Chombo hicho kipya kilikuwa na njaa ya muziki. Kilihitaji opera nzima nzima za kurushwa hewani, na mkuu wa opera katika redio ya Berlin alikuwa Cornelis Bronsgeest, Mholanzi ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tenori na besi. Bronsgeest alimsikiliza Schmidt na akamwelewa papo hapo. Maikrofoni haina macho.

Jaribuni kuiona studio ya wakati ule. Hakuna pazia, hakuna mavazi ya kifalme, hakuna taa za jukwaani. Waimbaji wamesimama na vitabu vya noti mikononi mbele ya okestra, na fundi wa mitambo anawaashiria wasogee au warudi nyuma, kwa sababu maikrofoni za siku hizo hazikuvumilia noti kali iliyopigwa kwa karibu. Mwimbaji aliyezoea kurusha sauti hadi kiti cha mwisho cha ukumbi wa watu elfu mbili alilazimika kujifunza upya kuimba kwa mtu mmoja aliyekaa sebuleni. Schmidt hakuwa na cha kusahau, maana hakuwahi kupewa ukumbi huo. Aliimba tangu mwanzo kwa ajili ya sikio lililo karibu: kila neno linasikika, noti ya chini kabisa ina uhai, na ya juu inafika bila kishindo.

Opera yake ya kwanza redioni ilirushwa tarehe 18 Aprili 1929. Ilikuwa opera ya Giacomo Meyerbeer ambayo kwa Kijerumani huitwa Die Afrikanerin, yaani Mwafrika wa Kike, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1865, mwaka mmoja baada ya mtunzi wake kufariki. Na Schmidt aliimba sehemu ya nani? Aliimba sehemu ya Vasco da Gama. Naona nyuso za watu wa Mombasa na Malindi zimebadilika. Ndiyo, ni huyo huyo aliyetia nanga kwenu mwezi Aprili 1498 na kupewa rubani na mfalme wa Malindi wa kumfikisha India. Katika opera mambo yamechanganywa sana; malkia Sélika ana kisiwa ambacho hakijulikani vizuri kama ni cha Afrika au cha Bahari ya Hindi upande wa mbali, na historia yetu haimo. Lakini katika tendo la nne Vasco anashuka pwani, anaona miti na mwanga ambao hajawahi kuuona, na anaimba wimbo wa kustaajabia pepo iliyochomoza majini, wimbo ambao mwishoni unaitangazia nchi ile kwamba sasa ni mali yake. Kwa masikio yetu, maneno hayo yana uchungu wake. Hata hivyo nakiri kwamba sijasikia mshangao wa mtu aliyefika ng'ambo ukiimbwa kwa upole kama Schmidt alivyouimba.

Kuanzia siku ile hadi mwanzoni mwa 1933 aliimba redioni opera zaidi ya 30. Hesabu inayotajwa zaidi ni 38. Ninyi mnaofundisha kwaya mnajua inachukua muda gani kuufundisha wimbo mmoja wa dakika tano. Yeye alijifunza opera nzima moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa zile ambazo majumba yalikuwa yameziweka kabatini, akaziimba mara moja au mbili hewani, kisha akaanza nyingine. Tenori wa jumba la opera angeweza kuishi maisha yake yote kwa sehemu kumi na mbili. Wakati huo huo alikuwa akirekodi sahani za santuri, na sahani hizo ndizo zilizotuhifadhia sauti yake. Miongoni mwake umo wimbo wa tarishi kutoka opera ya Adolphe Adam, Le postillon de Lonjumeau, ambao tenori wengi huukwepa kwa sababu unadai D ya juu. Simaanishi d ya tonic sol-fa yetu, yaani do, inayohama kila ufunguo unapobadilika. Nasema D ya kinanda, hatua nzima juu ya ile C ambayo wengine huipigia mbio maisha yao yote. Schmidt anaigusa kama mtu anayegusa komeo la mlango wa nyumbani kwake.

Umaarufu wake ulikuwa wa namna ambayo haikuwahi kutokea kabla ya redio. Mamilioni waliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Filamu ndizo zilizoiweka sura hiyo mbele ya watu, na filamu iliyomtangaza kuliko zote, Ein Lied geht um die Welt, yaani Wimbo Unaizunguka Dunia, iliyoongozwa na Richard Oswald, haikuficha kitu: Schmidt anamwigiza mwimbaji mfupi aitwaye Ricardo ambaye jukwaa linamkataa kwa kimo chake na redio inampokea, lakini msichana anayempenda anampenda rafiki yake. Nadhani ilihitaji ushujaa mkubwa kusimama mbele ya kamera na kuigiza kidonda chako mwenyewe.

Tazameni sasa tarehe. Filamu hiyo ilizinduliwa Berlin, katika ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo, tarehe 9 Mei 1933. Hitler alikuwa ameshika madaraka tangu tarehe 30 Januari. Schmidt aliimba opera yake ya mwisho katika redio ya Berlin mwezi Februari, na baada ya hapo mlango ulifungwa, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Usiku wa tarehe 10 Mei, siku moja tu baada ya watu kumshangilia katika uzinduzi, wanafunzi walichoma vitabu vya waandishi waliopigwa marufuku katika uwanja wa Opernplatz, uwanja uliobeba jina la jumba la opera lililo kando yake. Redio iliyomfanya awe mwimbaji wa opera ilikuwa imegeuzwa kuwa kipaza sauti cha dola, na dola haikutaka sauti yake isikike humo. Muziki wa Meyerbeer, Myahudi mwenzake, nao ukanyamazishwa.

Kabla mwaka 1933 haujaisha alikuwa ameshahamia Vienna. Miaka iliyofuata naipitia kwa haraka, si kwa sababu ilikuwa midogo, bali kwa sababu inafanana: filamu nyingine, matamasha, safari. Uholanzi ilimpenda kupita kiasi, na redio ya AVRO ya huko ikampa hewa ambayo Ujerumani ilimnyima. Alifanya ziara Palestina mwaka 1934. Mwaka 1937 alivuka bahari hadi Marekani na kuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, ambako walimwita Caruso wa mfukoni, kwa kumlinganisha na Enrico Caruso, tenori mashuhuri wa Italia. Jina hilo silipendi. Linampa kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mkono mwingine. Angeweza kubaki Marekani, lakini alirudi Ulaya, alikokuwa na mama yake na wasikilizaji wake.

Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria. Schmidt akakimbilia Ubelgiji, na huko ndiko lilikotokea jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo lililo zito kuliko yote katika kazi yake. Mwanzoni mwa mwaka 1939, jumba la opera la La Monnaie mjini Brussels lilimpandisha jukwaani katika La bohème ya Puccini, akiwa Rodolfo, yule mshairi maskini anayempenda Mimì. Alikuwa anaelekea miaka 35. Alikuwa ameimba opera zaidi ya 30 mbele ya maikrofoni, na sasa kwa mara ya kwanza alivaa mavazi ya mhusika, akawasha mshumaa wa Mimì, akamshika mkono katika giza na kuimba kwamba mkono huo mdogo ni wa baridi, mbele ya watu waliokuwa wakimwona. Watu hawakucheka. Onyesho lilipendwa, na likazungushwa katika miji ya Ubelgiji na Uholanzi. Kumbe jukwaa lilikuwa linamwezekana wakati wote. Kilichokosekana ni jumba lenye moyo wa kujaribu.

Lakini muda haukuwepo. Vita vilianza Septemba mwaka huo huo, na Wajerumani walipoiingia Ubelgiji mwezi Mei 1940 alijikuta Ufaransa, mgeni kutoka Romania, nchi ambayo ilikuwa ikiwakana Wayahudi wake, akiwa na hati za kusafiria zilizozidi kupoteza thamani. Alijaribu kupata meli ya kwenda Kuba, hakufanikiwa. Katika kiangazi cha 1942 polisi wa Ufaransa walianza kuwakamata Wayahudi wa kigeni hata katika eneo la kusini, ambalo Wajerumani walikuwa bado hawajalikalia, na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Uswisi nayo, mwezi Agosti, ilitoa amri ya kuwarudisha mpakani wakimbizi waliokuwa wakikimbia kwa sababu ya asili yao tu. Mwezi Oktoba, baada ya kujaribu na kushindwa, Schmidt alifaulu kuvuka kwa siri.

Alifika Zurich akiwa amedhoofika, akaanguka barabarani. Mamlaka zikampeleka katika kambi ya wakimbizi ya Gyrenbad, karibu na Hinwil, kiwanda cha zamani cha nguo ambamo watu walilala juu ya majani makavu. Novemba katika milima ile ni baridi ya kupenya mifupa. Koo lake likapata maambukizi, akapelekwa hospitali mjini Zurich. Huko alisema pia kwamba anaumwa kifua. Koo lilitibiwa. Kifua hakikuchunguzwa ipasavyo. Akaruhusiwa na kurudishwa kambini, na siku mbili baadaye, tarehe 16 Novemba 1942, moyo wake ulisimama katika mgahawa wa Waldegg ulio jirani na kambi, alikokwenda kupumzika penye joto. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwamba hata pale mwishoni walilitazama koo lake na kumwacha mtu mwenyewe. Sauti ilikuwa imeingia Uswisi kwa mawimbi ya redio na kwa sahani za santuri miaka kumi nzima kabla, bila kuombwa pasipoti, na watu wa nchi ile walikuwa wakiimiliki majumbani mwao. Mwenye sauti alipofika kwa miguu, alikuwa nambari katika orodha ya kambi.

Alizikwa katika makaburi ya Kiyahudi ya Friesenberg mjini Zurich, na juu ya jiwe lake yameandikwa maneno machache ya Kijerumani yanayosema kwamba nyota inaanguka, yakikumbusha jina la filamu yake ya mwaka 1934. Ujerumani ilimtolea stempu mwaka 2004, miaka mia moja baada ya kuzaliwa kwake.

Kuhusu kusahauliwa kwake nina maoni ambayo si lazima mkubaliane nayo. Historia ya opera huandikwa kwa kuhesabu majukwaa: nani aliimba jumba gani, mwaka gani, mara ngapi. Katika hesabu hiyo Schmidt ana opera moja. Zile nyingine zilipita hewani zikaisha, kwa kuwa matangazo mengi ya wakati ule hayakurekodiwa, na ya sahani yalikatwa vipande vya dakika nne nne kulingana na upande wa santuri. Ndiyo maana wataalamu humweka pembeni kama mwimbaji wa nyimbo za filamu. Mimi nasema alikuwa mwimbaji wa opera kwa kila maana ya neno hilo, na kwamba studio ya redio ya Berlin ilikuwa jumba lake, ingawa halikuwa na viti.

Ndugu Mwenyekiti, fundi ameniashiria kwamba spika ziko tayari. Nitawawekea ule wimbo wa Vasco da Gama, kwa Kijerumani, kama alivyourekodi yeye. Waimbaji wa sauti ya tatu, sogeeni mbele, wafupi kwanza. Okestra itaanza chini sana, na kwa muda mtadhani fundi hajaongeza sauti, msimwambie aongeze. Schmidt ataingia juu ya muziki huo kwa utaratibu kama mtu anayenong'ona, na noti ya juu mtaikuta karibu na mwisho, ni B-flati. Kabla hajaifikia, sikilizeni anapovuta pumzi. Mimi nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi, na pumzi hiyo bado nainamia spika ili niisikie.